Sabuni Kwenye Droo ya Ramani

Neema, aliyekalia kiti changu sasa, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kazini kurasa chache kabla sijaanza kusahau. Ameniomba pia, kwa upole wake, nisiandike kuhusu vyeo. Asingehangaika. Vyeo vyangu vyote vinaenea kwenye bahasha moja ya kaki na nafasi inabaki. Nitaandika kuhusu maji, kamba na ramani, na kuhusu kosa moja nililolifanya mchana kweupe mbele ya akina mama kumi na wanane. Nikijisifu humu ndani, mnivumilie. Mstaafu anayengoja kusifiwa na wengine atangoja sana.

Nimezaliwa Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara, kwenye familia ya mikorosho na mihogo. Bahari ilikuwa karibu lakini haikuwa yetu. Kwa baba yangu samaki alikuwa kitu kinacholetwa na mtu mwenye baiskeli. Nilipopangiwa kazi ya ufugaji na kilimo cha baharini, mama aliniuliza swali moja tu, kama najua kuogelea. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi yenyewe ni ya ofisini. Sikujua kwamba namdanganya.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi vya ngozi nilivyonunuliwa kwa ajili ya mahafali. Nikakabidhiwa kamba yenye fundo kila baada ya mita, fimbo ndefu iliyochorwa mistari myekundu, na daftari, nikaambiwa niende Msimbati nikapime eneo la kulimia mwani. Wakati huo ndivyo tulivyochagua maeneo. Unangoja bamvua, zile siku chache za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji yanakupwa hadi yanakwenda kabisa, unaingia kwa miguu, na pale yanapobaki ya magotini unachomeka fimbo. Yakipungua hapo, mwani utaungua juani. Yakizidi, akina mama hawafiki.

Niliingia mbali, nikiandika kwa mwandiko mzuri. Maji yakaanza kujaa nisiyaone, maana hayakutokea mbele nilikokuwa natazama. Yalikuja kwa mkondo uliokuwa kati yangu na nchi kavu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota chaza alinifuata, akanishika mkono akanivusha, maji yakiwa ya kifuani, daftari langu likiwa kichwani mwake.

“We ntoto wa wapi?”

“Wa Mtawanya, mama.”

“Aa. Ntu wa nkorosho.” Akacheka mpaka tukafika mchangani. “Bahari haiji usoni, mwanangu. Inakuja mgongoni.”

Huyo ndiye Bi Somoe, na mtamsikia sana humu. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi tu, lakini aliniita mwanangu tangu siku ile. Viatu vilikauka vikapinda ncha kuelekea juu, na sikuvivaa tena.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa bosi wangu. Ofisi yetu ilipakana na chumba cha wapimaji ardhi, na humo alikuwemo Mzee Chilumba, Mmakua wa Masasi, mpimaji wa zamani na mchoyo wa penseli. Ramani zake alizihifadhi kwenye bomba la bati lenye kufuli, kana kwamba yuko mwizi Mtwara nzima anayezitamani. Ukimwomba ramani anaitandaza, anaikandamiza pembe kwa mawe manne, na kabla hujainama anakuuliza, “Tarehe?” Ni lazima uitafute tarehe pembeni, uisome kwa sauti. “Ramani ni barua,” alikuwa akisema. “Aliyeiandika anakwambia alichokiona siku ile. Usimsingizie kwamba ameona leo.” Mimi nilidhani ni maradhi ya watu waliokaa sana na makaratasi. Nilizisoma tarehe zile kama mtoto anavyosoma kitu alichokaririshwa, mdomo unakwenda na akili iko kwenye chakula cha mchana.

Kisha zikaja ramani za bure za mtandaoni. Ninyi mmezaliwa nazo, kwa hiyo hamuwezi kujua furaha yake. Alikuja mkufunzi na kompyuta moja, tukakaa watu tisa nyuma ya mgongo wake, na dunia ikajitokeza kwenye kioo kidogo kidogo kadiri mtandao ulivyopenda. Kila mtu alitafuta kwao. Mimi nilikuta nyumba ya baba, na mkorosho mkubwa wa karibu na kisima ukiwa umesimama na kivuli chake. Nikampigia simu papo hapo kumwambia nauona mkorosho wake kutoka angani. Akaniuliza, “Ule si nimeukata tangu mwaka juzi?” Tulicheka semina nzima. Hapo Mwenyezi Mungu alikuwa ameniletea somo lote mkononi, bure, na mimi nikalifanya kichekesho cha wakati wa chai.

Kwa kweli nilizama. Nilinunua bando kwa hela yangu, nikajifunza kupanga tabaka juu ya tabaka, mikoko peke yake, kina cha maji peke yake, miamba, njia za boti, njia za miguu. Unaondoa kila mahali penye mikoko, unaondoa penye kina, unaondoa panapopita vyombo, na kinachobaki ndicho unachokwenda kukikanyaga. Kazi ya wiki mbili za kulowa ikawa ya siku tatu. Eneo langu la kwanza kulichagua hivyo lilikuwa la mabwawa ya samaki aina ya mwatiko upande wa Mikindani, kwenye uwanda mtupu wenye chumvi nyuma ya mikoko, na hatukukata hata mkoko mmoja. Samaki wakakua. Watu wakaacha kuniita Bwana Samaki wakaanza kuniita Bwana Ramani, na sikuwakataza.

Basi nikaja kwa Bi Somoe nikiwa Bwana Ramani.

Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wanane wa kitongoji kilicho kusini ya Msimbati, ukielekea mdomo wa Ruvuma. Kikundi kilijiita Tujaribu. Kamba walikuwa nazo, vigingi walikuwa navyo, mbegu ya mwani walikuwa wameahidiwa, na kijiji kilikuwa kimekubali kuwatengea kipande cha bahari kwa misimu miwili. Misimu miwili ikipita bila kitu, kipande kinarudi kijijini na kikundi kinafutwa. Wengi wao walikuwa wajane au wameachwa. Mikorosho ya kitongoji ina wenyewe, na wenyewe ni wanaume. Mwanamke asiye na mti alikuwa na bahari tu, na bahari yenyewe alikuwa anapewa kwa majaribio.

Wao walikuwa na mahali pao walipopapenda, panapoitwa Nyuma ya Mwamba. Palikuwa kaskazini, karibu saa nzima kwa miguu, na ngalawa zilipita katikati. Mimi nikafungua kompyuta barazani kwa Bi Somoe nikawaonyesha pengine. Dakika kumi kutoka nyumbani, mchanga mpana, hakuna mikoko, hakuna njia ya vyombo, maji ya magotini. Nilikwenda na fimbo nikapima, ikakubali. Na picha ya setilaiti ilikuwa safi, haina hata wingu moja. Nilikuwa nimezipitia picha nyingi za mahali pale na kuzitupa zote zenye mawingu. Mnajua kile kitufe cha kuchuja mawingu. Unakisogeza tu, picha chafu zinajiondoa zenyewe.

Bi Somoe aliinamia kioo, akatafuta paa lake, akaliona, akaridhika. Kisha akauliza, “Na wa zamani, mbona pale hawakuweka kitu? Hata uzio wa samaki hamna.”

“Wa zamani hawakuwa na ramani, Bi Somoe.”

Akina mama wakacheka. Na mimi nikacheka. Yeye akatazama picha tena, akasema, “Haya. We ndo ulosoma.”

Walipanda lilipotulia kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka. Nilikuwepo siku ya kuchomeka vigingi, na nawaambia, mistari ile ilinyooka. Mavuno mawili ya kwanza yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilichapisha picha ya shamba kwa rangi, kwa wino wa ofisi ambao haukuwa wa kazi hiyo, nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Wageni wakija nilikuwa nasogeza kiti kidogo ili waione.

Sasa, Ruvuma haingoji mvua ya Mtwara. Mvua ikinyesha huko juu Songea sisi tunaanika nguo, hatuna habari, na mto unakuja nayo. Masika ilipoanza nilikuwa Mikindani kwenye mabwawa yangu. Nikapigiwa simu na Bi Somoe. Hakusalimia kwa kirefu. “Njoo uone,” alisema.

Nilikuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mwani ulikuwa umepauka na kulainika, ukiushika unakatikia mkononi kama tambi zilizopitiliza motoni. Mstari hadi mstari kamba zilikuwa tupu. Akina mama walisimama majini wameshika vikapu visivyo na kitu, wananitazama. Ningefurahi kama wangenitukana.

Bi Somoe akafungua fundo la khanga kiunoni, akatoa kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia.

“Nawa, Bwana Ramani.”

“Ninawe sasa hivi?”

“Nawa nkono.”

Nikainama, nikalowesha mikono baharini, nikasugua. Povu likaja jeupe, likaelea, likaenda zake. Kila mtu wa pwani anajua, na mimi niliyekaa kwenye maji miaka yote ile nilipaswa kujua, kwamba sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya chumvi. Inagandamana tu mkononi.

“Kila masika sie tunafulia hapa,” alisema. “Mama yangu kafulia hapa. Hapa si bahari, mwanangu. Mto umekuja kutembea.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuuliza.”

Hakupandisha sauti. Akafunga sabuni yake kwenye khanga, akaanza kukunja kamba, na wenzake wakamfuata. Nilikunja nao mpaka maji yalipotufukuza, na katika kukunja kote hakuna aliyenisemesha. Nimekuwa na aibu mara nyingi maishani, kazi ya serikali haimnyimi mtu aibu, lakini ile ilikaa kifuani nikaibeba mpaka nyumbani. Shamba lile lilikuwa limekufa kwa jibu moja la dharau nililolitoa mbele za watu nikacheka.

Nikarudi ofisini kuandika taarifa. Fomu ina sehemu ya sababu za hasara, na katika sababu zilizoorodheshwa kuna ugonjwa wa mwani. Ugonjwa huo upo kweli, na mwani unaokufa kwa maji baridi, yale ya mto yasiyo na chumvi, unafanana nao. Ningeweka alama hapo, kila mtu angetikisa kichwa kwa huruma, na jina langu lingebaki safi. Lakini akina mama wangeandikwa kwamba walishindwa kutunza shamba, na kijiji kingekuwa na haki ya kuwanyang'anya bahari. Niliikalia fomu ile siku mbili. Siku ya tatu nikaandika chini, kwa mkono: “Eneo lilichaguliwa vibaya. Aliyelichagua ni mimi. Kikundi kilifanya kazi yake ipasavyo.” Bosi wangu aliniuliza kama siwezi kulainisha kidogo. Nikamwambia mwani umeshalainika vya kutosha. Katika makaratasi yote niliyoyaandika, hilo ndilo ninaloona fahari nalo, na kama bado lipo kwenye jalada, mlisome.

Kabla ya kurudi kwa akina mama nilipita Shangani, hapo mjini, kumwona Mzee Chilumba, aliyekuwa amekwisha kustaafu. Alikuwa barazani anabangua korosho. Nikamsimulia yote. Hakuacha kubangua.

“Tarehe uliitazama?”

“Niliitazama, mzee. Mwezi wa tisa.”

“Uliitazama moja,” akasema. “Mwaka una miezi mingapi?”

Nililala na swali hilo. Asubuhi nikafungua kompyuta nikazirudisha zile picha zote nilizozitupa, picha za masika, zenye mawingu. Ni mbaya kweli. Ukizitazama unadhani kioo kimeingia ukungu. Lakini wingu halikai mahali pamoja. Leo limeacha tundu hapa, baada ya siku kadhaa linaacha tundu pale. Nikaanza kutazama matundu tu, moja baada ya jingine, na kila tundu nikilichora kwenye karatasi. Nilipomaliza niliona ulimi wa maji ya kahawia umetoka mdomoni mwa Ruvuma, umepinda kaskazini kufuata pwani, na umelala juu ya shamba la Tujaribu. Mwaka huo, mwaka wa nyuma yake, na mwaka wa nyuma zaidi. Ulikuwepo muda wote. Mimi ndiye niliyesogeza kitufe.

Nikarudi kitongojini bila kompyuta. Nikawasalimu, nikasema mbele yao wote kumi na wanane kwamba nimekosa, na kwamba nimeliandika kosa hilo kwenye karatasi ya serikali. Nikaeleza kwamba tumebakiwa na msimu mmoja, na kwamba sasa ni zamu yangu ya kuuliza. Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, “Haya ntu wa nkorosho, keti, miguu itaota mizizi.” Wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Sijawahi kufurahi kuchekwa namna ile.

Masika ilikuwa bado ina miezi, tukaitumia. Kila bamvua tulitembea pwani nzima kutoka mdomo wa mto kwenda kaskazini, Bi Somoe na sabuni yake, mimi na GPS. Kila baada ya hatua mia tunasimama, tunanawa. Povu likija, yeye anasema “Nto,” nami nabonyeza. Lisipokuja anasema “Bahari,” nabonyeza tena. Ofisini kulikuwa na kipima chumvi, kifaa kizuri sana, lakini kilikuwa kimeharibika tangu tukipokee. Sabuni haikuharibika hata siku moja. Nilipozipakia alama zile kwenye ramani na kuziwekea rangi, mpaka wa povu na mpaka wa ule ulimi wa kahawia ilifuatana, mmoja juu ya mwingine, kutoka kusini mpaka kwenye mwamba. Hapo yote miwili ilisimama. Ng'ambo ya mwamba mlango wa maji unaingiza bahari ya kweli, masika na kiangazi. Nyuma ya Mwamba, palepale walipopataka tangu mwanzo.

Nilimwonyesha Bi Somoe. Akautazama mstari, akauliza, “Kwa hiyo na ramani imejua?”

“Imejua sasa.”

“Vizuri. Imechelewa, lakini ijue.”

Zilibaki ngalawa. Wavuvi walisema mwani ukipewa njia yao wao watapita wapi, na walikuwa na haki. Nikaomba kupanda chombo. Kwa wiki nzima nilisafiri nao, nimeshika GPS ikiandika wanakopita maji yakiwa yamejaa na wanakopita yakiwa yamekupwa. Nilitapika mara mbili, na kifaa kiliandika kila kitu isipokuwa hilo. Tukachapisha ramani kubwa, tukaitandaza chini kwenye mkutano wa kijiji, tukaikandamiza pembe kwa mawe manne. Nahodha mmoja aliyekuja akiwa amekasirika alipiga magoti, akafuata njia yake kwa kidole, akagundua kwamba wote wanapinda upande mmoja kukwepa jiwe, na upande wa pili hakuna apitaye. “Basi wekeni huku,” akasema, na hasira zake zikaishia hapo. Hicho ndicho ninachowaomba msikisahau mnapoidharau ramani, maana wapo watakaosikia kisa hiki wakasema mtandao ni uongo, turudi kwenye fimbo. Ramani ilitupatanisha na watu ambao maneno yalikuwa yameshindwa kutupatanisha nao. Kosa lilikuwa la msomaji.

Walipanda tena kusi lilipokwisha. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, mwani mbichi kichwani. Hakuna aliyelalamika mbele yangu, ingawa nasikia nyuma yangu yalisemwa mengi. Mimi nikasubiri masika kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mvua ikanyesha Songea. Mto ukaja.

Siku ya bamvua ya kwanza ya masika tulikwenda wote. Tulipita lile eneo langu la zamani, maji ya kahawia yamelifunika. Tukaendelea. Rangi ilitufuata mpaka karibu na mwamba, ikaanza kufifia. Tulipouzunguka mwamba maji yalikuwa ya kijani, na chini yake mistari ya mwani imejaa, inacheza. Hakuna aliyeshangilia bado. Bi Somoe akafungua fundo la khanga, akanipa sabuni.

Nikanawa. Nikasugua mpaka viganja vikauma. Hakuna povu. Ikagandamana mkononi, mbaya, inanata, na mimi mtu mzima mwenye watoto nikaanza kulia mbele ya akina mama kumi na wanane. Kigelegele alichopiga Bi Somoe kilisikika, nina hakika, mpaka kwenye mitambo ya gesi ya Msimbati. Wenzake wakapokea. Msimu ulipokwisha kijiji kiliwapa eneo lile bila kikomo cha msimu, na ukifungua ramani ya kijiji leo utalikuta limeandikwa Tujaribu.

Baada ya hapo nilichagua maeneo mengine mengi, ya mwani, ya majongoo bahari, ya kunenepesha kaa, kutoka Mikindani hadi mpakani. Sitayataja yote, maana yaliyokwenda vizuri hayana hadithi. Neema atawaambia sheria za ofisi yetu. Hakuna eneo linalopitishwa kwa picha ya mwezi mmoja. Picha zenye mawingu hazitupwi. Mahali ambapo pametazamwa na watu miaka mia na hakuna aliyeweka kitu, unakwenda kuuliza wanaopajua, na unangoja jibu mpaka liishe. Na siku hizi hawangoji hata tuwaulize. Mwaka jana binti wa Bi Somoe alinitumia picha kutoka kwenye simu yake, ulimi wa kahawia umeonekana kwenye tundu la wingu, na ujumbe mfupi: “Baba, mto umetoka. Tumeshawaambia wa kusini wavune mapema.” Niliusoma mara tatu. Kama kuna siku nilijua naweza kustaafu, ni hiyo.

Siku ya kuniaga mliniandalia pilau, mkanipa saa ya ukutani, nawashukuru sana, inapiga vizuri. Bi Somoe alikuja kutoka kitongojini akiwa amechelewa, hotuba zimekwisha, viti vinakusanywa. Amezeeka sasa, anatembea kwa kushikilia kuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Kisha akafungua lile fundo la khanga, pale mbele ya wakubwa, akatoa kipande cha sabuni ya mche kilichokwisha nusu.

“Kifaa chako hiki,” alisema. “Nimekutunzia. Kazi imekwisha, na mimi tena siendi majini.”

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Sikwenda nacho nyumbani. Neema, kipo kwenye droo ya ramani, ile ya juu, ndani ya mfuko wa GPS. Betri za GPS zimekufa, utaomba nyingine. Sabuni bado inafanya kazi, na safari ya kwanza ukiipeleka majini, mpe mwenyeji anawe kwanza.